Bipu ya Alasiri

Kila siku baada ya swala ya alasiri, simu ya Lutfunnahar, ambaye ofisini tulimwita Nahar, iliita mara moja ikanyamaza. Hakuipokea. Aliliona jina la baba yake kwenye kioo, naye akambipu mara moja kumjibu, kisha akaendelea na kazi. Vijana wapya ofisini walidhani ana mchumba mkaidi. Sisi tuliofanya naye kazi miaka mingi tulijua kwamba ni Mzee Moksed Ali, mfugaji wa ng'ombe huko Kurigram, kaskazini kabisa mwa nchi, akimwarifu bintiye kwamba yu hai na mto haujafanya lolote.

Mzee Moksed anaishi kwenye char, kisiwa cha mchanga katikati ya Brahmaputra. Kisiwa chake kinaitwa Bhangarchar, na babu yake alipokuwa hai hakikuwapo. Mto hukileta kisiwa na mto hukichukua. Nyumba za huko ni za mabati na mianzi, zimefungwa kwa nati na kamba ili zifunguliwe upesi, zipakiwe mashuani na kusimamishwa kwingine. Moksed ameihamisha nyumba yake mara nyingi kiasi kwamba ukimwuliza alizaliwa wapi, ananyoosha kidole kwenye maji.

Watu wa visiwa hivyo huonyana kwa bipu. Mto ukipanda, mtu wa kisiwa cha juu humbipu wa kisiwa kinachofuata, naye humbipu wa chini yake, hivyo hivyo mpaka wilaya iishe. Bipu moja, tuko salama. Mbili, peleka ng'ombe kwenye tuta, ule udongo ulioinuliwa juu ya maji. Tatu, acha kila kitu uingie mashuani. Haigharimu hata paisa moja. Na bipu haipokelewi. Anayeipokea amekula salio la mwenzake, na visiwani mtu wa namna hiyo hutajwa pamoja na wezi wa kuku. Nahar aliijua hesabu hiyo tangu alipokuwa msichana, simu ya kwanza ilipofika Bhangarchar. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu baadaye alitenda kama mtu asiyelijua, na mimi siamini kwamba shahada ni udhuru.

Alisoma kwa shida, akawa msichana wa kwanza wa kisiwa kile kuwa mhandisi. Kampuni yetu ya simu ilimwanzishia kazi mji wa Rangpur, kwenye jengo la mitambo. Wakati ule mtandao wa simu ulikuwa kitu unachoweza kukigusa. Kabati za chuma zilisimama safu kwa safu, feni zikivuma, kila kabati na kazi yake: moja linaunganisha simu, moja linamtambua mteja, moja linahesabu dakika. Kabati likiharibika, simu za eneo zima zilikufa, na mtu akakimbia na bisibisi. Kabati jipya lilikuja kwa meli, baada ya miezi.

Kisha kampuni ikahamia kwenye wingu. Kazi zilizokuwa ndani ya chuma ziliandikwa upya kuwa programu, programu zikakatwa vipande vidogo, kila kipande ndani ya kasha lake, na makasha yakawekwa kwenye kompyuta za kawaida katika majengo mawili yaliyo mbalimbali. Kipande kimoja kikifa, kingine huzaliwa mahali pake kabla mpiga simu hajavuta pumzi. Watu wakipiga simu kwa wingi, kama siku ya Idi, vipande huongezeka vyenyewe; wakilala, hupungua. Mabadiliko ambayo zamani yalifanywa kwa woga, mara chache kwa mwaka, wateja wakiwa wamelala, sasa hufanywa mchana kweupe. Yanajaribiwa kwanza mahali padogo, na yakifaa husambazwa nchi nzima kwa amri moja. Sisemi vibaya juu ya ufundi huo. Kazi hii Nahar aliifanya kwa akili na uaminifu, akahamishiwa Dhaka, ofisi yetu ya Tejgaon, akawa mkuu wa kikosi kinachotunga kanuni za kuulinda mtandao.

Idi moja alikwenda nyumbani akajaribu kumweleza baba yake.

"Kwa hiyo hakuna mashine?" Mzee Moksed aliuliza.

"Zipo, Baba, ila simu haikai kwenye mashine moja. Ikifa hii, kazi inahamia ile. Inavunjwa hapa, inasimamishwa pale."

Mzee akayaangalia mabati ya nyumba yake, akaangalia mto. "Yaani mmesoma chuo kikuu miaka yote hiyo ili mjifunze kuishi kama sisi."

Nahar alicheka mpaka akakohoa.

"Lakini, mama," mzee akaendelea, maana huko baba humwita bintiye mama, "sisi tukihama tunajua nani kabaki nyuma. Huyo wingu wenu anajua?"

"Anajua kila kitu, Baba."

"Mh. Ajuaye kila kitu ni Mungu. Huyo mwingine mchunge."

Mwaka huo huo meneja wetu, Towhid Bhai, yaani kaka Towhid, alimletea Nahar shida ya simu fupi. Mamilioni ya simu kila siku huita mara moja na kukatwa. Zinashughulisha mtandao wala haziingizi kitu. Tena matapeli walikuwa na mitambo inayobipu maelfu ya watu kwa pamoja, mtu akipiga kuuliza ni nani, salio lake linanyonywa. Kikosi cha Nahar kikatunga kanuni. Kipande kidogo cha programu kitasimama mlangoni mwa mtandao. Simu fupi zikifumuka ghafla kutoka mahali pamoja, kitatangaza dhoruba, na tangu hapo kitazikata simu fupi zote zinazopigwa kutoka wilaya hiyo, zisifike kwa mtu yeyote; kila simu itashikiliwa mlangoni kwanza, na itapita tu ikiendelea kuita. Na ili tapeli asijue kwamba amegunduliwa, yeye atasikia mlio wa kuita kama kawaida, huku simu ya upande wa pili iko kimya.

Towhid Bhai akauliza ijaribiwe wapi.

"Gulshan," alisema Mitali Saha, mhandisi mwenzake Nahar, ambaye ulimi wake hauna breki, akiutaja mtaa wa matajiri wa Dhaka. "Nusu ya matapeli wanaishi huko, ila hawa wanavaa suti."

Watu wakacheka. Towhid Bhai hakucheka. "Simu ya mtu mmoja ikikatika Gulshan, naitwa wizarani kabla sijamaliza chai. Nataka mahali pasipo na kelele."

"Kurigram, visiwani," Nahar akasema. "Napajua. Wateja wachache, mapato kidogo, malalamiko hakuna."

Hakuna mezani aliyeliona neno hilo kuwa baya. Liliandikwa likapita. Wala Nahar hakuwasahau watu wake kwa chuki. Aliwasahau kwa starehe, kama mtu anavyousahau mguu usiomuuma. Siku zilizofuata ubao wa ukutani unaoonyesha hali ya mtandao ulikuwa wa kijani na malalamiko hayakuja. Yangekujaje? Mtu hawezi kulalamikia bipu ambayo hajui kwamba ilikuwa njiani. Siku za utulivu bipu ni chache, hakuna dhoruba inayotangazwa, na ile ya Mzee Moksed ilifika alasiri kama kawaida. Nahar akatulia.

Kisha ikaja siku ya mvua, katika Srabon, mwezi wa mvua kubwa. Dhaka mvua ikinyesha watu hufurahi, hupika khichuri. Mitali alikuja na sufuria nzima, wali na dengu vikiwa bado na moshi, na biringanya za kukaanga juu yake. Ofisi yote ilinukia samli. Towhid Bhai alikuwa ukumbini na wakurugenzi, akiwaonyesha ile kanuni ili waipitishe kwa nchi nzima. Msikiti wa jirani uliadhini alasiri. Nahar akaswali, akarudi mezani, akaiweka simu karibu na sahani.

Haikuita.

"Kula bwana, khichuri inapoa," Mitali akamwambia. "Mvua kama hii kukosa khichuri ni dhambi, hata kwetu Wahindu."

"Baba hajabipu."

"Amelala. Wazee na mvua, kama paka na majivu."

"Baba halali mvua ikinyesha."

Akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akampigia tena. Ikaita, ikaita, ikakatika. Alijua jinsi simu ile inavyokaa, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, inaning'inia kwenye nguzo ya nyumba. Mzee huenda yuko na ng'ombe. Alijiambia hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshasukuma sahani pembeni.

Akautazama ubao mkubwa ukutani. Kijani kila mahali. Akaifungua Kurigram. Palikuwa na alama ndogo ya ngao, na pembeni yake maneno yaliyotungwa na kikosi chake mwenyewe: Dhoruba ya simu fupi imezuiwa. Wateja hawajaathirika.

Nahar aliniambia baadaye kwamba hofu ilianzia miguuni. Vidole vya miguu vilipoa ndani ya viatu, kama vimetiwa mtoni, na ubaridi ukapanda. Aliyafungua mahesabu ya mnara mmoja mmoja, kuanzia mpakani kushuka chini. Mnara wa juu kabisa ulifumuka simu fupi mchana, zote zikakatwa, kisha ukanyamaza kabisa. Uliofuata ukafumuka, ukanyamaza. Uliofuata vilevile. Sasa ulikuwa unafumuka mnara wa Nolkhagra, ambako anakaa Abbas Mondol, mtu ambaye kazi yake katika ule mnyororo ni kumbipu Moksed Ali. Chini ya Nolkhagra ni Bhangarchar.

Mnara wa Bhangarchar ulikuwa shwari. Zilizokatwa pale zilikuwa simu chache za alasiri. Moja ilikuwa ya nambari anayoijua kwa moyo. Bipu moja. Tuko salama.

"Mitali," akasema taratibu. "Njoo uone. Hii siyo dhoruba. Hawa ni watu."

Mitali akaja na kijiko mkononi. "Watu gani?"

"Wanabipu bipu tatu. Ukingo umebomoka huko juu. Kila kisiwa kinabipu kikishayaona maji, sisi tunazikata, na cha chini hakijui mpaka kiyaone chenyewe. Wanasikia mlio wa kuita. Wanadhani zimefika."

"Na kwenu?"

"Kwetu hawajui kitu."

Mitali akakiweka kijiko chini. Wakati huo Towhid Bhai alitoka ukumbini uso unang'aa, amekuja kuchukua chaja.

"Mmeona?" akasema. "Imekamata dhoruba ya kwanza ya kweli, wakurugenzi wakiangalia kwa macho yao. Tungeomba nini zaidi?"

"Naiondoa kanuni, Towhid Bhai."

"Unaiondoa wapi?"

"Kurigram. Sasa hivi. Ni mafuriko yale. Watu wanaonyana."

"Una hakika, Apa?" Naye alimwita apa, dada, kwa heshima.

Nahar alifungua mdomo, na kwa kuwa hajazoea kusema uongo, akasema, "Sina."

"Basi tulia. Ukiiondoa mbele yao na ikawa ni matapeli, kazi yako imekwisha, na yangu."

"Na ikiwa ni maji?"

Towhid Bhai aliutazama mlango wa ukumbi. Hakuwa mtu mbaya. Nimekula nyumbani kwake mara nyingi. Alikuwa mtu aliyezoea kuuliza. "Ngoja niwaulize," akasema, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake.

Kwetu badiliko lolote linahitaji mikono miwili, wa mmoja kuliomba na wa mwingine kuliidhinisha, ili mtu mmoja asiharibu nchi peke yake. Mitali alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake na kufungua ukurasa wa idhini.

"Mkono wa pili ni wangu," akasema. "Sukuma. Nikifukuzwa nitauza khichuri."

Nahar akalisukuma badiliko mtandaoni. Kanuni ilitoka Kurigram kwa muda usiotosha kumeza chai, na wala simu moja haikukatika. Katika enzi ya kabati za chuma jambo hilo lingetaka gari, mvua, barabara ya Rangpur na usiku kucha. Ufundi ule ule uliowaziba watu masikio ndio uliowazibua. Ndiyo maana nasema kosa halikuwa la wingu.

Lakini bipu iliyokatwa hairudi. Haikuwekwa popote. Abbas Mondol alikuwa ameshabipu mara tatu, amesikia mlio kila mara, ameridhika, ameingia mashuani na wanawe. Hatabipu tena. Sasa mlango uko wazi na hakuna wa kupita.

"Tuwatumie ujumbe wa maandishi wote walio chini ya mnara ule," Mitali akasema.

"Tuma. Lakini nusu yao hawasomi. Na wanaosoma, ujumbe wa kampuni wanaufuta bila kuuangalia. Tumewafundisha wenyewe, kwa matangazo yetu."

"Mpigie mtu mwingine basi. Jirani."

Nahar akashika simu, akaitazama, uso ukamwiva kwa aibu. Hakuwa na nambari ya mtu mwingine yeyote wa Bhangarchar. Ameondoka huko zamani, na aliyemhitaji alikuwa mmoja tu.

Akataka kumpigia tena baba yake. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina, ndipo akasita. Amempigia mara mbili, na mara zote mbili hakupokea. Mzee akiichukua simu kwenye nguzo ataona simu mbili za bintiye zisizopokelewa. Kwa hesabu ya kwao, mbili maana yake ni peleka ng'ombe kwenye tuta. Atawafungua ng'ombe, ataanza kuwaswaga polepole kwenye tope, mmoja mmoja, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Akapiga mara ya tatu. Iliita kidogo, akakata.

Sasa ilimpasa kuacha. Akipiga ya nne, hesabu inaharibika. Mzee ataona nne, atasema mtoto anacheza na simu, au amekumbuka mambo ya ng'ombe wa Idi. Nne haina maana kwa mtu yeyote. Kwa hiyo binti ambaye baba yake amekaa kwenye njia ya mto, mwenye simu mkononi iliyojaa salio, hakuruhusiwa kumpigia. Aliilaza simu mezani, akaikalia mikono yake yote miwili. Mitali aliona midomo yake ikitikisika kwa dua.

Mnara wa Bhangarchar, shwari.

Mvua ilipiga vioo. Ukumbini tulisikia watu wakicheka, kisha sauti ya Towhid Bhai ikieleza jambo kwa unyenyekevu. Mnara wa Nolkhagra ulinyamaza, kisha ukageuka mwekundu, maana maji yamefika kwenye betri zake. Mitali alisoma mahesabu kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Hakuna. Hakuna bado. Hakuna.

"Inawezekana hajaiona," Nahar akasema.

"Ataiona."

"Inawezekana ameiona hakuamini. Mimi niko Dhaka. Nitajuaje mto kabla ya Abbas?"

Mitali akarudi kwenye mahesabu. Hakuwa na mzaha wowote wa kumpa.

Kisha ubaoni ikaonekana simu fupi moja, Bhangarchar. Ikafuata nyingine, na nyingine, kwenda nambari ile ile ya kisiwa cha chini. Tatu. Halafu nyingi, kutoka simu nyingi, na hakuna iliyokatwa. Haukupita muda mnara wa chini yake nao ukaanza kufumuka, kisha wa chini ya huo. Mnyororo ulikuwa umeunganika, na sasa ulikuwa unakimbia mbele ya maji, si nyuma yake. Watu wa wilaya nzima walikuwa wanaamshana, na kwenye ubao wetu yote yalionekana kama vijistari vidogo vinavyowaka.

Towhid Bhai alipotoka na ruhusa ya wakurugenzi mkononi, alimkuta Nahar ameishika simu, macho kwenye ubao. Mnara wa Bhangarchar ulikuwa umeshageuka mwekundu. Na simu ya Nahar haikuita, si alasiri hiyo wala kesho yake.

Akapanda basi kwenda kaskazini. Safari ile hakuniambia habari zake, nami sikumwuliza.

Alimkuta baba yake kwenye tuta, chini ya turubai, amekaa kati ya ng'ombe wawili waliobaki, lungi, shuka yake ya kiunoni, imekakamaa kwa tope. Simu yake ilikuwa imezama. Nahar alipiga magoti akaishika miguu ya mzee, na mzee akamwekea mkono kichwani. Mbele yao palikuwa maji matupu, ya rangi ya chai ya maziwa, mahali kilipokuwa kisiwa.

"Nilikuta bipu tatu zako," Mzee Moksed akasema. "Nikajiuliza, huyu anayekula khichuri Dhaka ameuonaje mto? Nikakaa nikavuta tumbaku. Kisha nikasema, huyu mtoto bipu hajawahi kuzichezea. Nikapiga kelele."

"Wote walitoka?"

"Bibi Momena hakutoka."

Bibi Momena alikuwa mkunga wa kisiwa. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini, na alirudi kufungua mbuzi. Walimzika hapo hapo kwenye tuta, kwa kuwa hapakuwa na ardhi nyingine kavu, kaburi jembamba kati ya mashina ya migomba.

"Angepata muda mfupi tu zaidi, angetoka," mzee akasema. Kisha akaonyesha kwa kidevu mtu aliyekaa peke yake mwisho wa tuta, mgongo kwa wenzake. "Yule ni Abbas. Hakunibipu. Anaapa kwamba alibipu mara tatu na simu ikaita. Watu hawamwamini. Wanasema aliokoa wanawe akatusahau. Jana wamemnyima hata bisi za mchele. Mtoto wa Momena amesema atamtia mtoni."

Nahar aliutazama mgongo wa Abbas. Aliniambia kwamba hofu yote ya siku ile ofisini ilikuwa mchezo wa watoto ukiilinganisha na hii. Kule alihofia maji. Hapa kulikuwa na njia rahisi ya kupita, nayo ilikuwa kunyamaza tu. Hakuna mtu pale ambaye angejua kamwe. Abbas mwenyewe angeanza kuamini kwamba alikosea.

"Abbas hasemi uongo, Baba," akasema. "Alibipu. Mimi ndiye niliyezikata. Tulitunga kanuni, nikasema ijaribiwe huku kwetu kwa sababu huku hakuna anayelalamika."

Mzee alimtazama. Uso wake haukubadilika. Watu wa mto hawabadilishi uso upesi. Akauondoa mkono wake kichwani kwa bintiye.

"Mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Watu wale pale."

Nahar akaenda. Alisimama katikati ya tuta, mwanamke wa mjini mwenye sari iliyolowa mpaka kiunoni, akasema kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, ikabidi arudie. Kurudia, alisema, ndiko kulikokuwa kugumu. Abbas Mondol hakugeuka. Alijiinamia akaufunika uso kwa gamcha, kitambaa chake cha begani, na mabega yakamtikisika. Mtoto wa Momena, mtu mzima mwenye ndevu, alikuja akasimama karibu mno.

"Mama yangu ndiye aliyekupokea ulipozaliwa," akasema.

"Najua, kaka."

"Sasa nikufanye nini wewe?"

Nahar hakurudi nyuma hata hatua moja. Yule mtu alisimama mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha akamwacha, akaenda kukaa kando ya Abbas, bila kumgusa. Jioni mmoja wa wanawake alimpelekea Abbas bakuli.

Nahar alirudi Dhaka. Kampuni ilimwandikia onyo kwa kuondoa kanuni bila ruhusa, na ikamsifu katika mkutano kwa kitendo hicho hicho. Wakubwa huweza yote mawili. Hakuna aliyemwandikia onyo kwa lile neno alilolisema mezani. Hilo alijiandikia mwenyewe. Kanuni ilitungwa upya, sasa inatofautisha mtambo wa tapeli na mtu anayembipu jirani yake, na siku ya kuamua ijaribiwe wapi, Towhid Bhai aliuliza swali lake la zamani.

"Kwenye simu zetu sisi, ghorofa hii yote," Nahar akasema. "Na Gulshan."

"Gulshan watapiga kelele, Apa. Kitu kidogo tu kikiharibika, siku hiyo hiyo watapiga kelele."

"Ndiyo, Towhid Bhai," akasema. "Siku hiyo hiyo."

Mzee Moksed amepata simu nyingine na kisiwa kingine. Muadhini wa Tejgaon akimaliza, ofisi yetu hupunguza sauti, hata wale vijana wapya. Nahar huacha anachofanya na kuitazama simu mezani. Siku nyingine mzee huchelewa, na hapo sisi huiona mikono ya Nahar ikiingia chini ya mapaja. Kisha inaita, mara moja, na hakuna anayeipokea.